Wa Pili Ukutani

Nyumbani,
Jumatatu, tarehe 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za Mama, ambaye amekaa hapa pembeni akinitazama ninavyoandika na kuniuliza kama nimeshakusema vibaya au bado. Nimemwambia ndiyo kwanza naanza. Natumia kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua: inashinda mapajani mwake, na kwa masikio yake lazima iwekwe sauti kubwa. Ukinipigia kunieleza jambo, analisikia yeye, analisikia jirani, na analisikia mteja aliyekuja kupunguziwa suruali.

Habari kubwa ni ukuta. Lile kabati la sebuleni, ambalo mchwa walikuwa wakilila kwa utaratibu kama watu wenye ratiba, limelala chini. Nililisukuma kidogo tu nifagie nyuma yake; unajua fagio na mimi hatujawahi kuelewana. Limeacha ukuta mtupu, na kiti cha Mama kimeuelekea. Siku ya tatu akaniambia ukuta ule unamtazama kama mgeni aliyekataa kusema shida iliyomleta.

Sasa, mteja mmoja alisahau gazeti la mapambo karakanani. Humo wanasema siku hizi ukuta hautaki picha zinazofanana kama sare za shule. Unatundika chochote unachokipenda, kikubwa na kidogo, cha zamani na kipya, mradi macho yapate pa kutembea. Nikasema, hilo naliweza, maana nyumba hii haijawahi kuwa na vitu viwili vinavyofanana. Ipo picha ya Baba kwenye cherehani, ameshika mkasi kama askari. Ipo saa iliyosimama saa tisa na dakika kumi, sahani ya maua yenye ufa, kofia ya Baba, kioo kizito tulichoachiwa na marehemu Shangazi, cheti chako cha uuguzi, na cheti changu cha mahudhurio mema, ambacho ndicho pekee nilichowahi kupewa na mwalimu yeyote.

Mtu mwingine angeanza kupiga misumari. Mimi ni fundi wa nguo, sijui kufanya jambo bila paterni. Nikakata karatasi ya kaki kwa umbo la kila kitu, nikazibandika ukutani kwa pini, nikawa nazisogeza huku Mama akiamuru kutoka kitini: kushoto, juu, sivyo, rudisha. Karatasi zikaniishia. Nikapanda darini karakanani kutafuta nyingine, nikakuta bunda la Baba.

Dada, ni paterni zetu. Zile alizokuwa akizikata kila mwanzo wa mwaka, ametusimamisha juu ya meza. Ameziandika kwa penseli yake ya buluu. Yako imeandikwa “Wa 1”, ile ya gauni lenye kola pana. Zangu zimeandikwa “Wa 3”, na moja ameiongezea neno “tumbo” na kulipigia mstari. Miaka arobaini na tisa nimejiona mtoto wa pili, kumbe mzee hakujua kuhesabu. Au alimhesabu paka. Halafu ipo moja ndogo, ya mtoto wa miaka miwili hivi, imeandikwa “Wa 2”, na bega la kushoto limeshuka vidole viwili. Mabega yangu yako sawa kama mizani; ni kitu pekee kilicho sawa kwangu. Nadhani siku hiyo Baba alisinzia.

Nimechagua moja moja, tatu, nitazitia fremu ziwe katikati ya ukuta. Nawe tuma kitu chako. Binamu Ngazi atakuja na drili kutoboa matundu ya kioo, na kwa njia hiyo nimpime koti, maana binti yake anaolewa tarehe 18 Aprili. Huyo bado ni yule yule: anabadilisha taa za watu bila kupanda kitu chochote.

Mdogo wako,
Kifungo


Hospitali,
Jumapili, tarehe 8 Machi

Kifungo,

Barua yako nimeipata. Nafurahi kuhusu ukuta. Nakutumia kitambaa nilichokidarizi kwenye zamu zilizokuwa kimya. Kitundike pembeni, kisiwe katikati.

Zile paterni usizitundike. Karatasi ya kaki inaleta mende. Halafu jua la mchana linaingia sebuleni, litafuta penseli. Halafu si vizuri vipimo vya watu kuwekwa hadharani, mimi ni mtu mzima sasa. Zikunje zote, hasa ile ndogo, uzirudishe ulikozitoa. Nikija likizo tutazitazama pamoja.

Mama ameziona? Nijibu hilo kabla ya lingine lolote.

Na Ngazi asisumbuliwe kwa sasa, ana harusi ya kushughulikia. Kioo kinaweza kusubiri.

Dada yako


Nyumbani,
Jumamosi, tarehe 14 Machi

Dada,

Umenichekesha. Mende, jua, penseli, utu uzima: sababu zote hizo kwa karatasi moja. Mteja akinipa sababu nne za kuchelewa kujaribu nguo, najua amenenepa. Hutaki watu wakione kiuno chako cha darasa la nne, basi. Umechelewa. Barua imekuta nimeshatundika zote tatu, na kiuno chako kinasifiwa na wageni.

Unauliza kama Mama ameziona. Ameziona, na hapo kicheko changu kimepungua kidogo. Alhamisi nilimwita aje atazame, nikisubiri sifa. Akainuka mwenyewe, bila fimbo. Akaipita yako, akaipita yangu, akaweka kiganja juu ya fremu ya ile ndogo, pale penye bega. Akasimama hivyo mpaka chai yake ikapoa. Nikamuuliza kama anaumwa. Yeye akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema darini.

“Aliniambia ameichoma,” akasema.

Kisha akataka kiti kisogezwe karibu na ukuta, na tangu hapo hajaniamuru chochote. Unajua nyumba hii ilivyo Mama asipoamuru. Ni kama imeongezeka saa nyingine iliyosimama. Ameichoma nani, kwa nini, hasemi. Kama unajua, niambie, usinipe habari za mende.

Naacha hapa, Ngazi anapiga hodi. Amekuja kupimwa.

Jumapili, tarehe 15

Nilikusudia kuendelea na utani jana jioni. Sikuweza.

Nilimpima Ngazi. Kwa miaka yote nimemshonea suruali tu. Makoti hununua yaliyoshonwa tayari, ambayo mabega yake yamejazwa pamba mpaka kila mtu anaonekana mkuu wa idara. Kifua, mgongo, mkono, tunaongea, ananitania kwamba futi yangu ni ndefu kuliko akili yangu. Nilipofika mabegani nikamwambia asimame wima. Akasema amesimama. Nikapima tena. Nikatafuta daftari niandike, nikalikosa, nikaandika kwa chaki mlangoni. Daftari lilikuwa mkononi mwangu.

Alipoondoka niliishusha ile paterni nikailaza mezani kando ya vipimo vyake. Mwili unakua, Dada, lakini bega lililoshuka halibadili tabia yake. Baba ndiye aliyenifundisha hilo. Kushoto. Vidole viwili. Nimepima mara tatu, nikakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekuja kushonewa.

Mimi ni Wa 3. Mzee alijua kuhesabu. Wa 2 ni nani?

Jumamosi ijayo anakuja kujaribu koti na kutoboa ukuta. Nijibu haraka.

Kifungo


Hospitali,
Jumatano, tarehe 18 Machi

Kifungo, mdogo wangu,

Kama uko kwenye cherehani, iache kwanza.

Wa 2 ni Ngazi. Ni mtoto wa Baba na Mama, kaka yako wa tumbo moja. Nimechana karatasi tano kabla ya hii.

Mama alipokuwa na mimba yako aliugua, akalazwa kitandani miezi mitano. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Ngazi miwili. Shangazi alikuwa amezika watoto wake wawili na hakupata mwingine. Akaja, akasema nipeni huyu mdogo nimtunze mpaka mama yake ajifungue. Ilikuwa kwa muda, Kifungo. Hakuna aliyekusudia zaidi ya hapo. Mimi nilimsindikiza kwa sababu hakukubali kupanda basi bila mimi. Njia nzima alilia, nami nikamwambia tutarudi jioni. Nilifundishwa kusema hivyo, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nikaondoka kesho yake kabla hajaamka.

Ulipozaliwa, Baba alikwenda kumchukua. Akarudi peke yake. Alisema mtoto alimkimbilia Shangazi na kumwita mama, na Shangazi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea mlango ili usifunguke. Baba akamwapia dada yake kwamba maadamu Shangazi yu hai, hatamwambia mtu. Mama hakuapa. Alinyamaza tu, nasi tukahesabu kwamba amekubali.

Kila mwaka Shangazi alimleta kwa “mjomba” apimwe sare za shule, na Baba akamshonea pamba begani ili lisionekane, kwa kuwa bega lile ni la Mama. Hukuliona kwa sababu Mama havui shali, na magauni yake unayashona kwa paterni za Baba, na pamba zake unazirudia bila kuuliza ni za nini.

Shangazi alipofariki, miaka minne iliyopita, nilimwambia Mama wakati umefika. Akasema anaogopa swali moja tu la Ngazi: kwa nini mimi, na si wale wengine. Nami sikumsukuma, kwa sababu naogopa langu. Umekuwa ukinitania kwamba nilikimbilia hospitali ya mbali ili nisifue nguo zako. Sikuweza kukaa meza moja na mtu niliyemwambia tutarudi jioni.

Ishushe kabla ya Jumamosi, nakuomba. Nitachukua ruhusa nije nimwambie kwa mdomo wangu. Nimepiga simu mara tatu kukuambia haya; mara zote tatu amepokea Mama, nikaishia kuuliza kama amekunywa dawa.

Dada


Nyumbani,
Jumatatu, tarehe 23 Machi

Dada,

Barua yako imefika leo. Jumamosi imeshapita.

Usidhani nilikaa tu. Ijumaa, bila hata kupata jibu lako, niliishusha ile fremu nikaifunika kwa kitambaa. Mama akaniita. Akasema, “Mrudishe ukutani.” Hakusema irudishe, alisema mrudishe. Nikamrudisha.

Ngazi alikuja asubuhi na drili na furaha zake. Akautazama ukuta, akasema unaonekana kama jiko limepigana na karakana na hakuna aliyeshinda. Nikamvisha koti, lilikuwa na mkono mmoja tu, limeshikwa kwa pini, nikamwambia asilivue mpaka niweke alama. Mtu yule hawezi kukaa bure hata dakika. Akatoboa tundu la kwanza la kioo na koti langu mwilini. Kisha akasimama mbele ya paterni. Ya kwako aliitazama sana, akagusa ile kola kwa kidole juu ya fremu. Nilidhani anasifu mkato. Halafu akaiona ile ndogo, akacheka, akasema kumbe hata ukoo huu una mwenzake wa bega bovu, na huyu Wa 2 ni nani.

Mama akainuka. Akavua shali, Dada. Sijawahi kumwona sebuleni bila shali. Kioo cha Shangazi kilikuwa chini kimeegemezwa ukutani, akamshika Ngazi mkono, akasimama naye bega kwa bega mbele yake. Mabega mawili ya kushoto, yameshuka sawasawa, kama yamekatwa na mkasi mmoja.

“Wa pili ni wewe,” akasema. “Nilikuzaa mimi.”

Ngazi akacheka tena, akanigeukia ili tucheke wote, kama wanavyofanya watu mzee anapoanza kuchanganya mambo. Nami unanijua, nacheka hata msibani. Nilijaribu. Uso ulinikatalia. Aliponiona sicheki, ndipo akaelewa.

Hakupiga kelele. Alichomoa drili, akaanza kuviringisha waya kwenye kiwiko, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, waya wa mita tano ukawa kama hauishi. Alipomaliza akauliza lile swali, lile lile ambalo Mama ameliogopa miaka yote, neno kwa neno.

Mama hakujitetea. Akasema, “Mkubwa alikuwa ananipikia. Mdogo alikuwa tumboni. Nilikuwa na wewe tu wa kutoa.”

Akaondoka. Alitoka na koti lenye mkono mmoja, chaki mgongoni, akapita barabara nzima watu wakimtazama. Nimehesabu pini zilizobaki kwenye kopo. Ameondoka na ishirini na mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa tumboni. Nimelala kwenye kitanda chake, nikala sehemu yake, kisha miaka arobaini na tisa nimemtania kwamba yeye ni mgeni asiyejua kuaga. Leo mteja ameniuliza kwa nini nimeshona mfuko nje ya suruali. Nikaufumua.

Siku ya pili leo, simu yake haipokelewi. Mama hali vizuri. Anatazama tundu lile moja ukutani. Harusi ni wiki nne zijazo, na anasema akienda kwenye kaburi bila huyo mtoto kurudi, hata Baba atamgeuzia mgongo.

Kifungo


Jumapili, tarehe 29 Machi

Kwako Dada,

Sijui pa kuanzia. Miaka yote nimekuita dada kwa adabu, kama mtu anavyomwita binamu aliyemzidi umri. Sasa nikiliandika neno hili linanitazama.

Mke wangu anasema niandike nikiwa nimetulia. Sijatulia, lakini nimechoka kutotulia. Juzi nimeunganisha waya kinyume kwenye nyumba ya mtu, kengele ya mlango ikawa inawasha feni.

Siandiki kukulaumu. Mama yangu ni yule aliyenilea, na hilo halibadiliki. Nakuomba mtu asije akanitaka nilibadilishe. Lakini mimi ni fundi umeme. Nikiona taa inawaka, nataka kujua waya wake unaanzia wapi.

Nina kumbukumbu moja isiyokuwa na mwenyewe. Dirisha la basi. Msichana mwenye kola pana. Ananifuta pua kwa kola yake na kuniambia tutarudi jioni. Nilipomuuliza Mama zamani alisema ni ndoto, nami nikaiweka pamoja na ndoto. Siku ile kwenye ukuta wa Kifungo niliiona kola yenyewe, kabla ya kitu kingine chochote. Imeandikwa Wa 1.

Ni wewe?

Ngazi


Hospitali,
Jumamosi, tarehe 4 Aprili

Ngazi,

Ni mimi.

Kola iliganda kwa makamasi yako na machozi yangu, na nilikataa ifuliwe mpaka Mama alipoinuka kitandani akaifua mwenyewe. Asubuhi niliyokuacha ulikuwa umeshika kidole changu ukiwa usingizini. Nilikitoa polepole. Nimetoa mikono ya wagonjwa wengi kwenye mikono ya watu wao, na kila mara nimekumbuka kidole kile.

Hakuna atakayekutaka umbadilishe mama. Shangazi alikupenda kwa mikono miwili, mimi ni shahidi. Mama naye hakukusahau hata siku moja, na hilo pia mimi ni shahidi wake. Mengine yote uniulize uso kwa uso, nami sitasema ni ndoto.

Nimepata ruhusa. Nakuja Alhamisi tarehe 16, siku mbili kabla ya harusi, kama bado nina nafasi kwenye harusi hiyo. Basi linafika jioni.

Dada


Nyumbani,
Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Dada,

Ngazi amenionyesha barua yako. Leta nguo ya harusi ambayo haijakubana. Una nafasi, tena ya mbele, karibu na Mama.

Juzi mlango ulifunguka, akaingia bila hodi. Koti mkononi limekunjwa, na pini zangu zote ishirini na mbili kwenye kiboksi cha kiberiti. Mimi nilisimama na mkasi nikiwa kama picha ya Baba. Akavaa koti, akasimama mbele yangu, akasema tumalizie, siku zinakwisha. Hakuna hotuba iliyotolewa, na nilikuwa nimeandaa mbili.

Nilichukua pamba ya bega la kushoto kama nilivyofundishwa. Akanishika mkono. “Usiweke,” akasema. “Mjomba alikuwa anachelewa sana kunipima hapo. Nilidhani haoni vizuri.” Ikabidi nimpe mgongo nitafute chaki, ambayo, kama lile daftari, ilikuwa mkononi mwangu.

Kisha akaunganisha drili, akatoboa tundu la pili, tukakitundika kioo cha Shangazi chini ya zile paterni tatu. Akataka kiwe hapo hapo, ili Shangazi naye awepo katikati. Mama akasema kiko juu mno. Tukakishusha. Akasema sasa kiko chini mno, tena kimepinda, tena nani aliyetufundisha kazi. Dada, sijawahi kufurahi hivyo kugombezwa. Ngazi hajamwita mama, usije ukatarajia. Amemwita “mama yenu”, na alipoondoka akasema “haya, bibi wa ukutani, kesho”. Na jana alikuja kweli. Mama alikuwa amekula.

Saa ile iliyosimama ameifungua, anasema ni betri tu. Nimekuwa nikiishi na betri iliyokufa miaka kumi na moja nikiita mapambo.

Kuhusu Alhamisi, nilimwambia nitakupokea mimi. Amekataa. Anasema atakuwa stendi tangu saa nne asubuhi, kwa sababu jioni zako anazijua.

Mdogo wenu,
Wa 3